"Hii si kamera, ni balbu": nisaidieni kueleza maana ya kufuatiliwa kwa kamera

Mpimaji_Mstaafu, Buruburu

Wadau, salamu.

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa koti yetu, yaani mtaa wetu mdogo wenye geti lake, hapa Buruburu, Nairobi. Nyumba 42, geti moja, kibanda kimoja cha soja, na mwarobaini katikati ambapo watoto huchezea kivulini. Nimepewa kazi ya kuandika upya kanuni yetu ya kamera, na nimekwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa, ile inayopaswa kusema kufuatiliwa kwa kamera ni kitu gani.

Niwape kisa mjue sichezi na maneno. Kanuni tuliyonayo tuliiandika mwanzoni mwa 2014. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Watu 67 walikuwa wameuawa na magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, na kila mtaa ulikuwa mbioni kuweka geti. Sisi tulichanga shilingi 3,500 kila nyumba, tukafunga kamera nne. Kanuni ya 11 ikasema: "Kamera ni kifaa kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo, chenye waya unaofika kwenye runinga ya kibanda cha soja." Tukapiga kura, tukanywa chai, tukaondoka.

Mwezi uliopita video ya sekunde 19 iliingia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Binti wa jirani, mtu mzima wa miaka 23, anashuka garini saa nane usiku, anamuaga aliyemleta, anafungua mlango wa kwao. Hakuna kingine. Aliyeituma aliandika chini yake, "Wazazi tuamke." Kikundi kina watu 61, na baba yake ni mmoja wao. Binti huyo yuko kwa shangazi yake hadi leo.

Tulipomwita mwenye video mbele ya kamati, alikuja na kanuni zetu mkononi, ile ya 11 ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Hii si kamera," akasema, "hii ni balbu. Haiko ukutani, haina waya, nimeichomeka kwenye holda ya taa ya barazani kwangu, na picha zinakuja kwenye simu yangu, haziendi kwa soja." Kisha akaongeza, "Na macho hayana pazia. Anayepita mbele ya nyumba yangu ataonekana." Kamati ilinyamaza. Kwa maandishi yetu wenyewe, alikuwa sahihi.

Methali hiyo nimekaa nayo wiki tatu. Macho hayana pazia, ni kweli. Lakini jirani ambaye angemwona binti yule kwa macho angelazimika kuwa macho saa hiyo, asimame dirishani, na asubuhi angebaki na neno lake tu, neno ambalo mtu anaweza kulibishia. Balbu iliona huku mwenye balbu akiwa usingizini. Aliamka, akachagua sekunde 19 kati ya usiku mzima, akazituma.

Nilipima ardhi miaka 31. Nimetazama mashamba ya watu kupitia theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kutoka Kajiado hadi Busia, na nimesoma picha za angani zilizopigwa kwa ndege kwa ajili ya ramani. Hakuna aliyewahi kuniambia ninamfuatilia. Katika picha za kipimo cha 1 kwa 12,500 nyumba unaiona, mti unauona, mtu humwoni. Kwa hiyo lenzi peke yake si kosa, na kutazama peke yake si kufuatilia. Sasa mpaka uko wapi? Kazi yangu ilikuwa kuweka vigingi vya mpaka, na huu siuoni.

Na balbu si peke yake. Kuna kengele ya mlangoni yenye jicho. Kuna magari mawili yenye kamera kiooni ambazo hurekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya mwezi wa nne ilirushwa droni, ikapita juu ya nyua zetu zote, nguo za ndani zikiwa kambani. Na sasa kampuni moja imetuletea pendekezo la mashine ya getini inayosoma nyuso na nambari za magari, ili tutupe kitabu cha wageni. Kanuni ya 11 haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya jambo hili na kila moja lina uzito wake. Mchungaji anachunga mbuzi kutwa nzima, hatusemi anawapeleleza. Anayechungulia amepata ufa na anajua hapaswi kuwa pale. Anayevizia ana nia. Wauzaji wote wanasema "kamera za ulinzi", kana kwamba nia ya mnunuzi inakaa ndani ya boksi.

Nimeandika hivi: "Kufuatilia kwa kamera ni kuhifadhi picha ya mtu mahali ambapo hakuja ili apigwe picha." Sikutaja kifaa chochote, makusudi. Ivunjeni. Afadhali ivunjike hapa kuliko mbele ya mtu wa balbu.

---

Fundi_wa_Luthuli

Mzee wangu, heshima zako. Nafunga kamera huu mwaka wa tisa, duka letu liko Luthuli Avenue, na balbu kama hiyo ya jirani yako tunaziuza kila siku. Bei yake haizidi kilo tatu nne za nyama, ndiyo maana ziko kila mahali.

Neno litakaloiangusha sentensi yako ni "kuhifadhi". Balbu nyingi watu hununua bila memori kadi. Mtu yuko kazini Industrial Area, anafungua simu, anatazama nyumba yake moja kwa moja, anafunga. Hakuna kilichobaki. Kwa sentensi yako huyo hafuatilii mtu, na anaweza kutazama kutwa nzima.

Halafu hiyo mashine ya getini. Wengi hudhani inaweka picha za nyuso. Inaweza kuweka, lakini kazi yenyewe haifanywi na picha. Inachukua uso wako, inaugeuza kuwa msururu mrefu wa tarakimu, na inatunza tarakimu hizo. Ukirudi kesho inahesabu upya na kulinganisha. Kampuni itakuja kwenye mkutano wenu iseme kwa kinywa kipana, "Sisi hatuhifadhi picha ya mtu yeyote," na itakuwa inasema kweli.

Kuna na jambo lingine ambalo nyinyi wa 2014 hamkuwa nalo. Kamera zenu zile zilikuwa za analogi. Usiku uso ulikuwa doa jeupe, na kama ulitaka kumwona mtu ilibidi umwelekezee kamera yeye. Siku hizi lenzi ya milimita 2.8 inakamata pembe ya karibu nyuzi 100 kwa mkupuo, kila kitu kimo ndani, na uamuzi wa nani wa kutazamwa unakuja baadaye. Rekoda za sasa zinakubali uulize: nionyeshe watu tu, nionyeshe magari tu, nionyeshe mwenye nguo nyekundu kati ya saa mbili na saa sita. Mwenye balbu hakumvizia yule binti. Alimtafuta asubuhi. Ukiandika neno "nia" kwenye kanuni, nia hiyo itakuwa imezaliwa baada ya picha.

Na usisahau zile bandia. Tunauza maganda matupu yenye kataa kekundu kanakowaka na kuzima, betri mbili tu. Haioni kitu. Lakini nimeona kichochoro kizima huko Eastleigh watu wakibadilisha njia kwa sababu ya ganda moja.

La kufanya leo kabla hata ya kanuni: kamera karibu zote zina sehemu ya kuweka kiraka cheusi juu ya eneo usilotaka lionekane. Dirisha la jirani unaliziba, geti lako linabaki. Ni kazi ya dakika tano. Na uliza paswadi ya rekoda yenu wanayo nani. Nimefungua rekoda za mitaa ambayo paswadi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

---

Baba_Tatu, Umoja

Mnaongea kama wezi hawapo. Desemba nilivunjiwa gari langu mbele ya mlango, vioo vya pembeni vyote viwili vikaenda. Geti letu halikuona kitu. Ni kamera ya jirani, ambayo sikuiombea ruhusa na haikuniomba, iliyoonyesha saa na pikipiki. Mzee, andika kanuni yako, lakini usiiandike mpaka jirani yangu aogope kuwa na kamera.

---

Msaidizi_SouthC

Habari ya mzee na wengine. Mimi si mtaalamu. Nafanya kazi ya nyumba, nina mtoto wa miezi 14 ninayemlea. Nimesoma hayo ya fundi na nikaona niandike.

Sebuleni kuna kamera. Sikuambiwa. Nilijua siku iliposema. Nilikuwa nimeketi, mtoto amelala, nakunja nguo, nikasikia sauti ya mama kutoka juu ya kabati, "Mbona TV imewashwa?" Nilishtuka nikaangusha beseni. Hiyo nimeizoea. Mtoto ni wake, nyumba ni yake, na kuna mambo yametokea kwa watoto wa watu, naelewa.

Ninalotaka kusema ni la chumbani. Kuna nyingine wanaiita kamera ya mtoto. Iko juu ya kitanda cha mtoto. Lakini chumba hicho ndicho ninacholala mimi. Ndimo ninamovaa. Usiku taa ikizimwa naona vidoa vyekundu vidogo sana kama makaa, na fundi akiwa hapa atathibitisha kwamba kamera hiyo inaona gizani. Baba wa nyumba pia ana programu hiyo kwenye simu yake.

Nilitundika leso juu yake siku moja nibadilishe nguo. Kabla sijamaliza kufunga vifungo simu ikaita: kwa nini kamera ni nyeusi, mtoto yuko wapi?

Sikuweza kujibu. Ningesema nini? Wanaamini kamera hiyo ni ya mtoto. Kwao mimi simo kwenye picha. Kwa hiyo mzee, kwenye maana yako usiandike kamera imewekwa kwa ajili ya nani. Andika nani anaonekana ndani yake.

---

Fundi_wa_Luthuli

Nathibitisha dada. Hivyo vidoa ni mwanga wa kuonea gizani. Aina nyingine hutumia mwanga usioonekana kabisa, hivyo hata wewe ambaye huvioni vidoa chumbani mwako usidhani huonekani. Na hiyo ya kwako inaweza kugeuzwa ikatazama godoro la mtoto peke yake, au ukuta wa upande wako ukawekewa kiraka. Mwambie mama aniandikie, sitamtoza.

---

Wakili_Mtaani, Ngara

Mzee Mpimaji, huyu dada amekupa nusu ya jibu na hakusomea sheria. Niongeze nilicho nacho.

Waliojaribu kutaja vifaa wamehangaika kama nyinyi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2012, ikataja CCTV, ikataja vifaa vya kusoma nambari za magari, kisha kwa kuhofia yajayo ikaongeza mfumo mwingine wowote wa kurekodi au kutazama picha kwa madhumuni ya ufuatiliaji. Soma tena maneno ya mwisho. Ufuatiliaji ni kile kinachofanywa kwa ajili ya ufuatiliaji. Walizunguka mlima wakarudi walipoanzia.

Hata neno "picha" si la kuliamini sana. Marekani, katika kesi ya Kyllo iliyoamuliwa 2001, polisi walisimama barabarani wakaielekezea nyumba kifaa kinachopima joto. Hawakuona mtu, waliona tu kuta zipi zina joto. Mahakama ya Juu ikasema huo ni upekuzi wa nyumba.

Sisi hapa tulipita njia nyingine, na kwa maoni yangu ni bora. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha bila kuuliza imevunjwa kwa chombo gani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaanza na mtu: taarifa yoyote inayomhusu mtu anayejulikana au anayeweza kutambulika. Nambari ya gari imo. Zile tarakimu za uso alizoeleza fundi zimo, tena zimo kwenye kundi la data nyeti. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data alitoza kilabu kimoja hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kosa lilikuwa kumtoa mtu hadharani. Kilichopiga picha hakikuwa na maana.

Mtu wa balbu atajitetea kwamba sheria hiyo haigusi shughuli za binafsi na za nyumbani. Ni kweli, kifungu cha 51 kinasema hivyo. Lakini nyumbani ni wapi? Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipewa swali hilohilo kuhusu raia wa Cheki, Ryneš, aliyefunga kamera chini ya paa lake baada ya kuvunjiwa madirisha. Kamera iliona mlango wake, ikaona pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya mkabala. Mahakama ikasema ikishavuka hadi njia ya wote si ya nyumbani tena. Uamuzi huo hautufungi, lakini hoja yake unaweza kuisimamia kwenye kamati. Baba Tatu, mahakama hiyo haikusema Ryneš hana haki ya kulinda mali yake. Ilisema haki hiyo ipimwe pamoja na ya wapita njia.

Kuhusu mashine ya getini nakusihi usikubali kwa haraka. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Kama serikali ilidaiwa tathmini, kampuni inayotaka nyuso za familia 42 na za wageni wao pia idaiwe. Uliza inakosea mara ngapi kwa watu wa rangi yetu. Watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kubainisha jinsia kutokana na uso mwaka 2018: kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini waonyeshe vipimo vyao wao wenyewe. Na mama mboga asiyetaka uso wake usomwe apitie wapi?

---

Mpimaji_Mstaafu

Nashukuru nyote. Binti wa South C, nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu. Ni wewe uliyebadilisha maandishi yangu. Yako hivi sasa:

"Kufuatilia kwa kamera ni kumweka mtu ndani ya upeo wa kifaa chochote, awe amekusudiwa au hakukusudiwa, kwa namna inayomwezesha mwingine kumwona, kumtambua au kumrudia baadaye, mahali ambapo mtu huyo hana budi kupita au kukaa."

Maneno "hana budi" nimeyapigania na mwenyekiti. Binti yule hakuwa na njia nyingine ya kufika mlangoni kwao. Dada hana chumba kingine. Na ganda tupu litaandikwa kwenye daftari kama kamera, kwa sababu anayeliona anageuza njia vilevile. Baba Tatu, mwenye kamera halazimiki kuiondoa. Analazimika kutuonyesha inaona nini, na kuitoa picha kwa aliyeibiwa au kwa polisi, si kwenye kikundi.

Fundi aliposema nyuzi 100 nilijua la kufanya. Nilichukua ramani ya koti, protrakta na penseli, nikapita nyumba kwa nyumba siku tatu nikiomba kuonyeshwa skrini. Karibu wote walikubali. Kila lenzi nikaichorea upeo wake. Daftari letu lina kamera nne. Kwenye karatasi zilitoka 11, bila kuhesabu magari. Ya balbu haikuwa pembetatu kama nyingine, ilikuwa duara, kwa kuwa kichwa chake huzunguka. Mwenyewe alipoona duara lile limekula mlango wa binti na madirisha mawili ya jirani, aliniuliza kiraka cheusi kinawekwaje. Kwa baba wa binti bado hajaenda.

Kuna uwanja wa nyuma wa mama mmoja mjane ambapo pembetatu tatu zilikutana, zote kutoka madirisha ya ghorofani. Ameniruhusu niandike haya. Nilimpelekea karatasi, nikamweleza kila rangi ni ya nani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza anike wapi. Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli: kando ya tangi la maji, ukanda wa kama mita moja na nusu. Jioni nilipopita alikuwa amekwisha kuhamisha kamba.

Mkutano ni Jumapili saa nane. Ramani naibandika kwenye ukuta wa kibanda cha soja.